MJENGO WA MKULIMA WA KIINGEREZA ENZI ZA WAFALME GEORGE: MBELE SURA, NYUMA JASHO

Wapenzi wa filamu za zamani za Kiingereza wanaijua nyumba hii hata kama hawajawahi kuiulizia. Gari la farasi linaingia getini, kokoto zinalia chini ya magurudumu, na mjengo unatokea taratibu: matofali mekundu, mlango mweupe katikati kabisa, madirisha mawili kushoto, mawili kulia, na juu matano yamejipanga kama askari wa gwaride. Dada mwenye gauni refu anatoka mbio na barua mkononi. Watazamaji wote wanaangalia gauni na barua. Nyumba inapita hivi hivi.

Kumbe nyumba yenyewe ina stori kuliko hata hiyo barua.

Kwanza tuwekane sawa. Enzi zinazozungumzwa hapa ni za wafalme wa Uingereza walioitwa George, wanne, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliingia mwaka 1714, wa nne akafariki mwaka 1830. Ni miaka 116, jina moja tu. Basi majengo ya kipindi hicho yakabatizwa jina lao. Hayahusiani kabisa na ile nchi ya Georgia iliyoko Caucasus.

Majumba makubwa ya malodi wa kipindi hicho yameandikwa sana. Hapa habari ni ya nyumba ya shamba, ya mtu wa kati. Mkulima aliyefanikiwa, si lodi wala si kibarua. Wengi wa watu hao hawamo kwenye kitabu chochote cha historia. Pengine kilichobaki ni jiwe dogo juu ya mlango, limechongwa mwaka wa kujenga na herufi tatu: ya ukoo juu, ya mume na ya mke chini yake. Basi. Waliobeba mawe, waliokoroga chokaa na waliolala darini hawakupata hata herufi moja.

WAZO LILITOKA ITALIA

Usione nyumba imenyooka hivyo ukadhani ni akili ya Waingereza peke yao. Mtindo huu mizizi yake iko Italia, kwa msanifu mmoja aitwaye Andrea Palladio, aliyeishi miaka ya 1508 hadi 1580. Mwaka 1570 alichapisha Venice kitabu chake kikubwa cha ujenzi, chenye michoro na vipimo vyote. Alikuwa amezichunguza sana nyumba na mahekalu ya Warumi wa kale, akachukua kanuni zao: kushoto na kulia vilingane, mlango ukae katikati, na kila urefu uwe na uwiano na upana wake.

Hapa ndipo penye utamu. Zile nyumba nzuri za Palladio za mashambani, ambazo matajiri wa Uingereza walizipenda mpaka wakazinakili kwa ajili ya majumba yao, nyingi zilikuwa nyumba za wakulima! Za wakulima matajiri wa Venice, ndiyo, lakini nyumba za shamba hasa. Mabawa yale mazuri ya pembeni yalikuwa mabanda na maghala. Nafaka iliwekwa juu darini. Kwa hiyo mtindo ulianzia shambani, ukapanda kwa malodi wa England, halafu ukashuka tena shambani.

Ulishukaje? Kwa vitabu. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Palladio ilianza kutoka mwaka 1715. Baada ya hapo wachapishaji wakaona biashara iko wapi, wakaanza kutoa vitabu vya michoro kwa ajili ya mafundi wa kawaida, seremala na mwashi. Mwaka 1747 kilitoka kitabu cha Daniel Garret kilichohusu nyumba za shamba tu, pamoja na makadirio ya gharama. Fundi wa kijijini ambaye hajawahi kuiona Italia hata kwa ndoto akawa na Italia mkobani. Mteja anaonyesha kidole: nataka mlango kama huu. Fundi anapima, anapunguza hapa, anaongeza pale kulingana na mfuko wa mteja, kazi inaanza.

HELA ILITOKA WAPI?

Swali zuri. Mkulima wa miaka ya 1600 alikuwa akiishi kijijini, nyumba imebanana na za wenzake, mbao na udongo, paa la nyasi. Ghafla katikati ya miaka ya 1700 mjukuu wake yuko kwenye mjengo wa matofali, peke yake katikati ya mashamba, hakuna jirani. Kulitokea nini?

Kilichotokea kinaitwa kuzungushia ardhi uzio. Sehemu nyingi za katikati ya England zilikuwa na mashamba makubwa ya wazi. Kila mkulima alikuwa na vipande vyake vimetawanyika huku na kule, na pembeni kulikuwa na ardhi ya pamoja. Mjane mwenye ng'ombe mmoja alimlisha hapo. Maskini aliokota kuni hapo, akafuga na bata wake wawili watatu. Haikuwa mali yake kwa karatasi, ila ilikuwa haki yake kwa desturi.

Wenye ardhi wakaenda Bungeni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia uzio ardhi hizo, na ekari milioni 6.8 zikaguswa, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Kipindi cha moto kabisa kilikuwa utawala wa George wa Tatu, kuanzia 1760 mpaka 1820. Mpimaji anakuja na mnyororo wake, mistari inanyooshwa, miti ya miiba inapandwa kuwa ua. Mwenye vipande vingi anapewa shamba moja kubwa lililokusanywa pamoja. Mjane wa ng'ombe mmoja anaweza kupewa kipande kidogo ambacho hana hela hata ya kukizungushia uzio, au asipewe kitu.

Sasa mwenye shamba la pamoja, hana haja tena ya kukaa kijijini. Anajengewa katikati ya shamba lake. Mashamba mengine yalikuwa mbali na kijiji kiasi kwamba watu waliyapa kwa utani majina ya nchi za mbali, na mpaka leo England kuna mashamba yanaitwa Quebec na mengine Botany Bay, ile ghuba ya Australia.

Na kingine ambacho wengi hawakijui: mkulima mwenyewe mara nyingi hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji. Ardhi na mjengo vilikuwa vya kabaila, ambaye alijenga vizuri makusudi ili avute wapangaji wenye mtaji na akili ya kilimo cha kisasa. Nyumba ilikuwa tangazo. Njoo kwangu, utaishi kama muungwana, na kodi utalipa.

SURA YA MBELE NA MTOZA KODI

Tusimame mbele ya nyumba kama wageni. Mlango katikati, una nguzo bapa za mbao pembeni na kijipaa cha pembetatu juu, kama hekalu dogo la Kirumi lililobandikwa ukutani. Juu ya mlango pengine kuna kidirisha cha nusu duara cha kuingiza mwanga kwenye korido. Madirisha ya chini ni marefu, ya ghorofa ya kwanza mafupi kidogo, na ya darini madogo kabisa. Hayo si makosa ya fundi. Ni ile kanuni ya uwiano, macho yapande taratibu bila kushtuka. Pia ni ramani ya heshima: wageni chini kwenye dirisha kubwa, familia juu, watumishi darini.

Dirisha lenyewe ni mashine. Lina fremu mbili, moja mbele ya nyingine, zinapanda na kushuka kwa kamba. Kamba inapita kwenye kapi juu, halafu inazama ndani ya sanduku la fremu, huko imefungwa kitu kizito cha chuma au risasi kinachosawazisha uzito. Ndiyo maana dirisha kubwa unalipandisha kwa vidole viwili na linabaki pale pale ulipoliacha. Vioo vyake vilikuwa vipande vidogo, sita juu na sita chini, kwa sababu kioo kilipulizwa kwa mdomo, kikazungushwa mpaka kikawa sahani pana, ndipo kikakatwa. Kipande kikubwa kisicho na doa kilikuwa anasa. Ukiona kioo cha zamani kimejikunja kidogo na kinafanya miti ya nje icheze, hicho ndicho chenyewe.

Na serikali haikulala. Kodi ya madirisha ilianza mwaka 1696 na ikadumu mpaka 1851. Afisa anazunguka nyumba anahesabu, ukizidisha idadi unalipa zaidi. Mwaka 1746 kikaja kioo chenyewe kutozwa kodi, na kwa kuwa ilipigwa kwa uzito, watengenezaji wakakifanya chembamba. Mwaka 1784 ikawa zamu ya matofali: England ilikuwa imetoka kupigwa kwenye vita vya makoloni ya Marekani na deni lilitaka kulipwa. Kodi ikawekwa kwa kila tofali elfu moja. Wajanja wakafanya nini? Wakatengeneza matofali makubwa ili yawe machache. Serikali nayo ikastuka, matofali makubwa kupita kiasi yakaongezewa kodi. Paka na panya.

Ila hapa kuna uongo mmoja uliozoeleka. Watu wakiona dirisha limezibwa kwenye nyumba hizi, moja kwa moja wanasema ni kodi. Mengine ni kweli. Lakini mengi yalizaliwa yakiwa yamezibwa. Ndani kulikuwa na bomba la moshi au ngazi, dirisha halikuwezekana, lakini bila hilo sura ya mbele ingekuwa na jicho moja. Basi fundi akajenga umbo la dirisha na kulijaza matofali. Wengine walipaka rangi vioo na fremu za uongo. Mradi sura ilingane.

Na sababu nyingine za kuziba zilikuwa za kibinadamu tu. Kijiji cha Chawton, kule Hampshire, kuna nyumba ya matofali ambayo mwandishi Jane Austen alihamia mwaka 1809. Ilikuwa karibu mno na barabara ya magari ya farasi, abiria wanachungulia sebuleni. Kaka yake aliyekuwa mwenye nyumba akaliziba dirisha la upande wa barabara, akafungua jingine upande wa bustani. Hakuna kodi hapo. Ni watu kutotaka kutazamwa wakinywa chai.

Halafu zunguka nyuma. Nyumba nyingi mbele zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa yakachongeka, nyuma ni mawe ya kuokota na plasta. Nyingine mbele ni matofali mapya ya mwaka 1770, ukigeuka pembeni unaona nyumba ni ile ile ya mbao ya babu, imevalishwa koti la mbele tu. Kujishaua hakukuanza na mitandao.

NDANI: VYUMBA VINNE NA MSTARI USIOONEKANA

Ramani ya ndani ilikuwa rahisi na ya akili. Korido katikati na ngazi, vyumba viwili mbele, viwili nyuma, na juu vivyo hivyo. Mabomba ya moshi yamesimama kila ncha ya nyumba. Zamani ili ufike chumba cha tatu ulipita cha kwanza na cha pili, ukamkuta mtu amelala. Korido ndiyo iliyoleta faragha. Kila mtu na mlango wake.

Lakini korido ilikuwa mpaka pia. Vyumba vya mbele vilikuwa vya bwana na bibi: sebule ya wageni na chumba cha kulia. Humo kulikuwa na mbao ukutani zilizopakwa rangi, na meza ya mahogani. Mahogani ile ilitoka Jamaika na Honduras, ikikatwa kwa mikono ya Waafrika waliofanywa watumwa, na sukari iliyowekwa juu yake kwenye bakuli la chai ilitoka mashamba ya visiwa kama hicho cha Jamaika. Mkulima wa Kiingereza ambaye hajawahi kupanda meli alikuwa na jasho la watu hao sebuleni kwake, linang'arishwa kwa nta kila Jumamosi.

Vyumba vya nyuma vilikuwa jiko, stoo na chumba cha maziwa. Sakafu ya mbele mbao, ya nyuma mawe. Ngazi ya mbele ina mikono ya kuchonga, ya nyuma ni nyembamba na ya mzunguko, inapanda moja kwa moja mpaka darini wanakolala watumishi, chini ya vigae, baridi ya Januari na joto la Julai.

Watumishi hao walipatikanaje? Kwa gulio. Kila mwaka, sehemu za kusini karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, vijana walisimama mjini kusubiri kuajiriwa. Mchungaji alibandika pamba ya kondoo kwenye kofia, dereva wa mkokoteni kipande cha kamba ya mjeledi, hausigeli alishika kidekio. Mkulima anapita anaangalia, anauliza, wanakubaliana mshahara wa mwaka mzima, anatoa sarafu moja ya kufunga mkataba. Kijana anabeba boksi lake na kuhamia kwenye nyumba ya watu asiowajua. Wengi walikuwa na umri wa miaka 13, 14.

MSICHANA WA MAZIWA

Chumba muhimu kuliko vyote kwa pesa ya nyumba hakikuwa sebule. Kilikuwa chumba cha maziwa. Kilijengwa upande wa kaskazini, ambako jua la England halifiki, sakafu imeshushwa kidogo, rafu ni za mawe ili ziwe baridi, na dirisha lina vipande vya mbao badala ya kioo ili hewa ipite. Hata mtoza kodi alikiheshimu: ilifika wakati madirisha ya chumba cha maziwa na cha jibini yakasamehewa kodi, mradi jina la chumba liandikwe mlangoni. Mpaka leo kuna nyumba maandishi hayo bado yapo.

Huku ndiko alikofanya kazi msichana ambaye jina lake halikuandikwa popote. Saa kumi na moja alfajiri ameshakamua. Anaengua krimu, anapiga siagi, anageuza jibini moja moja kwenye rafu za juu, na jibini zito linavunja mgongo. Bibi wa nyumba naye alikuwa humo humo, kwa sababu hela ya siagi na jibini kwa desturi ilikuwa eneo lake. Wasafiri waliowaona wasichana hao waliwasifia ngozi laini, lakini walikuwa na sababu isiyo ya mapenzi: hawakuwa na makovu ya ndui.

Mei 1796, kule Berkeley, Gloucestershire, daktari wa kijijini Edward Jenner alichukua usaha kutoka kwenye kidonda cha mkono wa msichana mmoja mkamua maziwa, aliyeambukizwa ndui ya ng'ombe. Akauchanja kwenye mkono wa mtoto wa miaka 8, mtoto wa mtunza bustani. Baadaye akamwekea ndui yenyewe, mtoto hakuugua. Lugha za Ulaya zikaita dawa hiyo kwa jina linalotokana na ng'ombe kwa Kilatini. Kiswahili kikaangalia ile kazi ya kukata ngozi, kikasema chanjo.

Njia ya chanjo hiyo ilikuwa ndefu, na ilikuja kuishia kwenye pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha. Ilianzia kwenye zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba ya shamba.

VIUNGA: BUSTANI YA KURINGIA NA UA WA KAZI

Nje napo palikuwa na mbele na nyuma. Mbele ni majani yaliyofyekwa na mandhari ya malisho. Malodi walimtumia Capability Brown, bingwa wa bustani aliyefariki mwaka 1783, kuhamisha vilima na kutengeneza maziwa. Mkulima hakuwa na hela hiyo, akachukua mbinu moja tu: handaki. Unachimba mtaro, upande wa nyumba unajenga ukuta ndani ya mtaro, upande wa pili unauacha mteremko. Ukikaa sebuleni huuoni. Unaona majani yameungana na malisho hadi ng'ombe walipo, kama vile vyote ni vyako hadi upeo wa macho, na ng'ombe hawawezi kuvuka kuja kula maua.

Padri mmoja wa kijiji cha Selborne alichimba la kwake mwaka 1761. Alitaka pia sanamu la Herkule kama la malodi. Sanamu la jiwe lilikuwa bei mbaya. Basi akachukua mbao, akazikata umbo la Herkule, zikapakwa rangi, akalisimamisha mbali mwisho wa bustani. Ukiwa nyumbani unaona sanamu. Ukisogea unaona ubao. Alijua wageni wake wengi hawatatembea mpaka kule.

Pembeni kulikuwa na bustani ya mboga yenye ukuta wa matofali. Ukuta unaotazama kusini ulinyonya jua mchana kutwa na kutoa joto usiku, na miti ya matunda ilifungwa bapa juu yake kama nguo ya kuanikwa. Mwisho wa bustani, mbali na pua za watu, choo cha nje.

Nyuma ya nyumba sasa ndiko kiwanda. Ua wa mraba, umezungukwa na mabanda pande tatu au nne. Ghala kubwa la kupuria linakaa kaskazini ili lizuie upepo wa baridi, na vibanda vya ng'ombe vinatazama jua. Katikati ya ua ng'ombe wanakanyaga majani makavu majira yote ya baridi, inakuwa samadi, samadi inarudi shambani. Shamba nalo lilikuwa na zamu zake: ngano, kisha tanipu, kisha shayiri, kisha klova. Tanipu na klova zinalisha ng'ombe, ng'ombe wanalisha ardhi. Ule mchoro wa ua wenye nyuzi tisini kila kona ulikuwa hesabu za mbolea.

Ghala la kupuria lilikuwa na milango miwili mikubwa inayotazamana, mkokoteni unaingia huku unatokea kule, na ukiifungua yote upepo unapita na kupeperusha makapi. Juu ukutani kuna tundu la bundi, amekaribishwa rasmi ale panya. Chumba cha nafaka kilisimama juu ya mawe yenye umbo la uyoga, panya akipanda anakutana na kofia ya jiwe, anarudi.

Na dirisha la jikoni lilitazama ua huo huo. Bibi wa nyumba akiwa anakanda unga anaona nani amechelewa.

MEZA NDEFU YAUZWA

Mwanzoni bwana, bibi, watoto, kijana wa farasi na msichana wa maziwa walikula jikoni, meza moja ndefu ya mwaloni. Bwana kichwani, wengine kwa cheo. Halikuwa jambo la upendo sana, chakula kilikuwa sehemu ya mshahara. Lakini walikula kinachofanana na walijuana.

Vita na Ufaransa vilipoanza mwaka 1793 bei ya ngano ikapaa. Mwaka 1812 wastani ulipita shilingi 120 kwa robo moja, kipimo cha wakati ule. Mkulima akatajirika, na chakula kikawa ghali. Kulisha vijana kumi mezani kukaonekana hasara. Hasa kusini na mashariki, wakulima wakaacha kuajiri kwa mwaka, wakaajiri vibarua wa wiki, wa siku. Mvua ikinyesha, hakuna kazi, hakuna hela. Kijana akahama darini, akaenda kupanga kijumba kijijini, ambako ile ardhi ya pamoja ya kufugia ng'ombe mmoja ilishazungushiwa uzio.

Na nyumba ikabadilika kufuata. Nyaya zikapitishwa ndani ya kuta kutoka sebuleni hadi jikoni, mwisho wake kengele. Bibi anavuta kamba, kengele inalia, mtumishi anakuja. Hakuna tena kuitana kwa jina.

Oktoba 1825 mwandishi William Cobbett alihudhuria mnada wa vitu vya shamba karibu na Reigate, Surrey. Aliikuta ile meza ndefu ya mwaloni inasubiri mnunuzi, na kwenye nyumba hiyo hiyo sebule ya kisasa yenye zulia na kamba ya kengele. Alikasirika kweli kweli. Aliona kwamba mkulima amegeuka bwana mkubwa, na waliokuwa wakila naye wameachwa nje. Cobbett alikuwa mtu wa maneno makali na alizipamba siku za zamani kupita kiasi, lakini kuhusu meza hakukosea.

USIKU WA 1830

George wa Nne alifariki Juni 1830. Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Agosti, kundi la vibarua lilivamia shamba huko Lower Hardres, karibu na Canterbury, likavunja mashine ya kupuria nafaka.

Kwa nini mashine? Kupura kwa fimbo ndani ya lile ghala la milango miwili ndiyo iliyokuwa kazi ya majira ya baridi. Ndiyo iliyoweka mkate mezani Novemba hadi Februari. Tangu Mskoti Andrew Meikle atengeneze mashine yake karibu mwaka 1786, wakulima walianza kujenga banda la duara ubavuni mwa ghala, farasi wanazunguka, mashine inapura kwa siku kazi ya wiki. Watu hawa walishaondolewa kwenye ardhi ya pamoja, wakaondolewa mezani, sasa wanaondolewa na ghalani.

Moto ukasambaa kusini yote. Barua zikafika kwenye milango ile mizuri yenye nguzo bapa, zimesainiwa jina la kubuni, Kapteni Swing: ondoa mashine, ongeza mshahara, la sivyo. Mabunda ya nyasi na maghala yakawaka usiku. Bwana aliyekuwa amejenga mbali na kijiji ili awe peke yake, sasa alikuwa peke yake kweli, anachungulia kupitia vioo vyake kumi na viwili.

Nyumba nyingi hazikuguswa, na vibarua karibu hawakuua mtu. Serikali haikuwa na huruma hiyo. Watu 19 walinyongwa, wengine wapatao 480 wakapakiwa melini kupelekwa Australia, mamia wakafungwa. Wapo kati yao waliokuwa wamekula kwenye jiko la nyumba waliyoitishia.

Leo mijengo hiyo ni dhahabu. Sheria za Uingereza zinalinda sehemu kubwa ya majengo yaliyobaki ya miaka ya 1700 hadi 1850, hata kubadilisha fremu ya dirisha kunahitaji kibali. Ghala la kupuria limekuwa nyumba ya kuishi yenye kioo kikubwa kwenye ule mlango wa mkokoteni. Chumba cha maziwa kimekuwa stoo ya mvinyo. Darini wanalala watoto na wageni, na wanasema kuna mandhari nzuri.

Anayetaka kuijua nyumba ya namna hiyo vizuri asisimame mbele. Mbele kuna tarehe na herufi tatu. Azunguke nyuma, atazame kizingiti cha mlango wa jikoni. Jiwe limelika katikati, limebonyea kama bakuli, kwa miguu ya watu waliopita hapo alfajiri miaka mia. Hao hawakuandikwa mlangoni, lakini jiwe limewahesabu.